Kituo cha bustani hai au kikundi cha wanabustani: uanzie wapi, uchukue nini wapi

Wadau wa bustani, hili swali naulizwa karibu kila wiki na mtu anayetaka kuanza: niende kwenye kituo cha bustani kinachouza vitu vya kilimo hai au nijiunge kwanza na watu wanaolima pamoja? Na kila mara nashindwa kumjibu kwa neno moja manake vyote viwili vimenisaidia sana na vyote viwili vimewahi kuniumiza, tena kuniumiza kweli, msimu mzima ukaenda hivi hivi. Kwa hiyo leo naviweka bega kwa bega, kitu kwa kitu, alafu we mwenyewe uangalie hali yako.

Nikisema kituo namaanisha sehemu yenye kitalu cha miche, mifuko ya mboji, pakiti za mbegu, dawa za asili, vifaa, na muuzaji wa kumuuliza. Nikisema kikundi namaanisha watu wanaolima eneo moja au wanaotembeleana bustani zao, wanagawana mbegu, miche, samadi na nguvu.

Ntaanza na mboji, manake hapo ndo penye mambo mengi na hapo ndo watu wanapotea.

MBOJI

Mboji ya mfuko ina faida ambayo huwezi kuibeza: iko tayari leo. Imechekechwa, unaimwaga tutani na kesho unapanda. Na kama mzalishaji ni makini basi imepita kwenye joto la kueleweka. Kanuni za kilimo hai za Marekani kwa mfano zinataka mboji yenye samadi ikae kwenye joto la nyuzi 55 hadi 77 za Selsiasi kwa siku 15 kama ni tuta la wazi, na ndani ya muda huo igeuzwe angalau mara 5, au siku 3 kama ni chombo kilichofungwa. Joto hilo linaua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Sasa mtu mmoja nyumbani na taka zake kidogo kidogo kulifikia joto hilo ni shida, na wala sio uvivu, ni ujazo tu, lundo likiwa dogo joto linakimbia. Unataka lundo la kama mita moja kwenda juu, mita moja upana, mita moja urefu, ndo katikati panachemka.

Na hapo hapo ndo kikundi kinakipita kituo kwa mbali. Watu kumi wakija na majani makavu, nyasi, mabaki ya mavuno na samadi, lundo linasimama siku hiyo hiyo. Sisi tunaweka vikavu mafungu mawili hadi matatu kwa fungu moja la vibichi, hapo unakaribia ule uwiano wa kaboni 25 hadi 30 kwa naitrojeni 1 ambao vijidudu wanaoozesha wanaupenda. Maji tunapima kwa mkono: chota konzi moja ufumbate kwa nguvu, likitoa tone moja au mawili katikati ya vidole ni sawa, yakichuruzika umezidisha, ukifungua kiganja likasambaratika ongeza maji. Joto tunapima kwa nondo, tunaichomeka mpaka katikati tunaiacha kama dakika kumi, ukiichomoa ukaishika ukashindwa kuvumilia basi kazi inaendelea. Mara ya kwanza kuishika ile nondo siku ya nne nilishtuka, sikuamini kwamba majani na samadi vinaweza kuwaka vile bila moto.

Ubaya wa mboji ya kikundi ni muda na nidhamu. Miezi mitatu ni haraka, sita ni kawaida, na wakigeuza wawili tu kati ya kumi basi lundo linapoa na mbegu za magugu zinabaki hai zinakusubiri. Pia mnagawana, ukitegemea toroli tano unaweza kupata mbili.

Ya kununua au ya kikundi, jaribu kwanza kabla hujaimwaga. Mboji iliyoiva inanukia kama udongo wa msituni mvua ikianza. Ikikupiga puani kama mkojo uliokaa, hiyo ni amonia, bado. Chukua konzi mbili yenye unyevu, funga kwenye mfuko wa nailoni usioingiza hewa, iache siku tatu mpaka wiki, alafu fungua unuse. Ikitoka harufu ya uchachu au imepata joto, irudishe lundoni ikae tena.

Sasa nije kwenye lebo. Neno "oganiki" au "ya asili" kwenye mfuko wa mboji lisikutoe wasiwasi wote. Nchi nyingi zina sheria kali kuhusu neno hilo kwenye mazao ya kuliwa, lakini kwenye udongo na mbolea mara nyingi maana yake ni kwamba kilichomo kilitoka kwenye kitu kilichokuwa hai, basi. Ndo maana kuna taasisi za kukagua pembejeo zenyewe, mfano Marekani wana OMRI toka 1997. Kwa hiyo kwenye kituo usiulize "hii ni ya asili?", manake jibu ni ndiyo siku zote. Uliza imetengenezwa na nini, samadi imetoka kwenye wanyama waliokula nini, na yale malisho yalipigwa dawa ya magugu au la.

Hilo swali la mwisho nimelilipia. Mwaka fulani nilichukua mifuko sita kwenye kituo kimoja, imeandikwa ya asili asilimia mia, nikaichanganya kwenye matuta nikapandikiza nyanya na kupanda maharage. Wiki mbili hivi majani mapya ya nyanya yakaanza kutoka membamba, yamejikunja kama vikombe, ncha zimesokotwa kama mtu kazinyonga kwa vidole. Nikajua ni virusi, nikang'oa mche baada ya mche. Mwenzangu mmoja wa kikundi akaja jioni akachuchumaa akaangalia kimya, alafu akauliza, "Ndugu yangu, na mahindi yako pale mwisho uliyawekea mboji hii hii?" Niliyawekea. "Yana shida?" Hayana, tena yamenawiri. Akasema basi huu sio ugonjwa, hii ni dawa ya magugu imekuja na samadi.

Na ndivyo ilivyo. Kuna dawa za magugu za familia ya klopiralidi na aminopiralidi ambazo zinapigwa kwenye malisho kuua mimea ya majani mapana, nyasi hazidhuriki. Mnyama anakula zile nyasi, dawa inapita tumboni mwake nzima nzima inatoka na kinyesi, inavuka hata joto la lundo, na kiasi kidogo sana kinatosha kuharibu nyanya, maharage, njegere na viazi. Mahindi ni jamii ya nyasi ndo maana yalipona. Uingereza mwaka 2008 walisimamisha kwa muda uuzaji wa dawa za aminopiralidi baada ya wanabustani wengi kuona mimea yao inajikunja hivyo hivyo. Kituo kile hakikunidanganya kwa makusudi, naamini hivyo mpaka leo, ila hakikujua samadi ilitoka wapi, na mimi sikuuliza. Kwenye kikundi kuuliza ni rahisi, mwenye ng'ombe unamfahamu, na hata hivyo uliza.

Na samadi mbichi ya bure msiikimbilie. Hizo hizo kanuni za Marekani zinataka zipite siku 120 toka umeichanganya na udongo mpaka kuvuna kama kinacholiwa kinagusa udongo, na siku 90 kama hakigusi. Kwenye kikundi samadi inakuja kwa gari mtu anaishusha kwa furaha, hakuna anayehesabu siku. Mmoja wenu awe na daftari.

MICHE

Hapa mizani inakaa karibu sawa, na hapa nimeumizwa na upande wa kikundi.

Mche wa kituo umelelewa kwenye trei, mchanganyiko safi, na kwa kawaida unajua jina la aina yake. Mnaotaka miche mia inayofanana siku moja, hakuna mjadala, nendeni kituoni. Ila usinunue kwa macho ya juu juu. Omba kuutoa mmoja kwenye chombo, muuzaji mzuri hatakataa. Mizizi iwe myeupe, imeshika udongo, isiwe imejizungusha chini mara nne kama kamba kwenye ndoo, hiyo umekaa sana na ukiupanda utadumaa muda mrefu. Geuza jani uangalie chini yake, nzi weupe na vidukari wanakaa huko. Mche mdogo wenye maua tayari usikuvutie, umebanwa huo. Alafu uliza umekaa kivulini au juani, manake miche mingi ya kitalu imelelewa chini ya neti na ukiipeleka jua kali siku hiyo hiyo majani yanababuka. Izoeshe siku 7 hadi 10, leo masaa mawili juani, kesho matatu, hivyo hivyo.

Mche wa kikundi hiyo hatua imeshapita, umekulia jua hilo hilo na upepo huo huo, na aliyeuotesha anajua mama yake alizaa vipi msimu uliopita. Hiyo taarifa hakuna kituo kinakupa. Shida ni udongo unaokuja nao.

Nilipewa miche kumi na miwili ya nyanya, kwa upendo kabisa. Ikastawi vizuri mwanzo, alafu ikawa mchana inalegea hata kama nimemwagilia asubuhi, jioni inainuka tena. Nikang'oa mmoja nikakuta mizizi imevimba mafundo mafundo. Minyoo fundo. Kuna mama mtu mzima kwenye kikundi wote tunamwita Bibi, nikampelekea ule mzizi, na mi nikamwambia mbona hata maharage yana mafundo, au na yenyewe yameambukizwa? Akang'oa harage moja pale pale akalikung'uta udongo. "Mjukuu wangu, hebu kwaruza hapo kwa ukucha." Nikakwaruza, kakinundu kakadondoka kama kokoto ndogo iliyogundishwa pembeni ya mzizi. Akakapasua, ndani pinki kama nyama. "Haka kanafanya kazi, kanamlisha mwenzake. Sasa kwaruza wa nyanya." Ule haukutoka, uvimbe ulikuwa ni mzizi wenyewe, ukilazimisha unauvunja. Dakika moja ile imenisaidia kuliko kitu chochote nilichowahi kuambiwa kuhusu mizizi. Vile vya harage ni bakteria wa rizobia wanaovuta naitrojeni hewani, ile pinki ndo dalili wako kazini, na vile vya nyanya ni minyoo, na minyoo hiyo ikishaingia kwenye tuta haitoki kirahisi. Nimelifunika lile tuta kwa nailoni nyeupe ya kupitisha mwanga wiki sita za jua kali, nimepunguza, sijaimaliza.

Kwa hiyo miche ya kupewa ipokee kwa shukrani, ila panda mmoja kwanza kwenye ndoo. Au bora zaidi omba mbegu badala ya mche, minyoo fundo haisafiri kwenye mbegu.

MBEGU

Kikundi, bila kusita, kwa maharage, nyanya na saladi. Hii mimea inajichavusha yenyewe, kwa hiyo mbegu ukiitunza inazaa kama mama yake karibu kila mara, na mbegu iliyozaa miaka mitano kwenye udongo wa jirani yako imeshapita mtihani ambao pakiti ya kituo haijaufanya. Muulize tu kama mama yake alikuwa chotara, F1 zile, manake mbegu ya chotara ukiipanda tena watoto wanatoka mchanganyiko, huyu hivi yule vile.

Maboga na jamii yake chukua pakiti, au chukua kwa mtu anayejua kufunga ua kabla nyuki hawajafika. Nyuki anapita bustani zote, boga moja linaweza kuwa na mbegu za baba tofauti tofauti.

Kitunguu nacho nunua pakiti mpya yenye tarehe, mbegu yake inazeeka haraka, mwaka mmoja miwili imeisha nguvu, wakati ya nyanya inakaa minne na zaidi. Popote ulipopata, weka mbegu kumi kwenye tishu yenye unyevu, kunja, tia kwenye mfuko uweke sehemu ya joto. Zikichipua nane endelea, zikichipua nne panda kwa wingi au tafuta nyingine.

DAWA

Kituo kina dawa zenye kipimo na maelekezo, kikundi kina mapishi. Naelemea kituo hapa, ijapokuwa naheshimu sana majani ya mwarobaini yaliyotwangwa. Bt kwa mfano, ile bakteria iliyogunduliwa Japani mwaka 1901, aina inayouzwa kwa ajili ya viwavi inaua kiwavi aliyekula jani lenye dawa na kumwacha nyuki, lakini jua linaivunja ndani ya siku chache, kwa hiyo pulizia jioni, na ukiipulizia vidukari umepoteza bure manake wao wananyonya utomvu, hawatafuni jani. Hayo utayasoma kwenye chupa. Kwenye ndoo ya mchanganyiko wa mwenzako hakuna anayejua nguvu yake, leo maji maji kesho inaunguza majani.

Lakini msikilize mtu anayependa nyuki: ya asili haimaanishi haina madhara. Pareto inatoka kwenye ua na inaua nyuki ikimgusa. Rotenoni inatoka kwenye mizizi ya mimea, ilitumika miaka na miaka kwenye bustani za hai, ni sumu kali kwa samaki, na mwaka 2000 watafiti wakaonyesha panya waliopewa wanapata dalili kama za Parkinson, sehemu nyingi imeondolewa sasa. Shaba ya kuzuia ukungu ni madini, haiozi, kila unapopuliza inaongezeka kwenye udongo. Muuzaji wa kituo akikupa chupa kabla hajakuuliza mdudu gani umemwona na umemwona wapi kwenye mmea, irudishe kaunta.

USHAURI

Kuna tatizo moja ambalo pande zote mbili zimenijibu vibaya, nalisema manake linapima ushauri vizuri. Nyanya inaoza kitako, doa jeusi bapa chini. Kituo kimoja kiliniuzia kalisiamu ya kupuliza. Kikundini wakaniambia nizike maganda ya mayai. Wote wameshika kitu cha kweli, ni kalisiamu kweli, lakini udongo wangu ulikuwa nayo tele. Kalisiamu inapanda na maji, na mimi nilikuwa namwagilia leo sana alafu siku nne sigusi, kwa hiyo tunda halipati kwa mpangilio. Maganda yanachukua muda mrefu mno kuoza, na ya kupuliza kwenye majani hailifikii tunda kiasi cha kutosha. Niliweka matandazo ya nyasi kavu unene wa kiganja nikamwagilia kila baada ya siku mbili, matunda yaliyofuata yakatoka safi.

Tofauti niliyoiona ni hii, kituo kinakupa jibu la swali lako mara moja alafu unaondoka, kikundi kinarudi. Yule aliyesema maganda ya mayai alirudi wiki tatu baadaye akaona hayajasaidia, akasema tuangalie maji. Muuzaji hakuwahi kujua kama chupa yake ilifanya kazi. Ila kikundi chenye mkubwa mmoja asiyeulizwa kitu ni kibaya kuliko kutokuwa na kikundi, nimekaa kwenye kimoja cha hivyo, kila mche ukifa kosa ni lako.

Hata suala la kuaminiana kwamba kweli unalima hai lina pande hizo mbili. Kuna cheti cha mkaguzi anayetoka nje, na kuna utaratibu wa wakulima wenyewe kukaguana bustani kwa bustani, ambao IFOAM, lile shirikisho la kimataifa la kilimo hai lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1972, wanautambua na kuuhamasisha. Kikundi chenu kinaweza kufika huko kikiamua.

Vifaa sina mengi. Jembe, reki, toroli, mashine ya kusagia matawi, azimeni kwenye kikundi. Mkasi wa kupogolea nunua wako, ufute kwa spiriti kila ukitoka mmea mmoja kwenda mwingine.

SASA WE UNAANZIA WAPI

Una ndoo sita barazani na unataka kitu cha kijani mwezi huu, nenda kituoni, kikundi hutakitumia ipasavyo. Una kipande cha ardhi na huna haraka, anza kikundini, nenda vikao vitatu bila kununua hata kijiko cha udongo, utagundua nusu ya vitu ulivyopanga kununua huvihitaji. Kazi yako haikupi jioni wala wikiendi, usijiunge na kikundi kwa kuona haya tu, utaonekana mvivu na utaacha na bustani yenyewe, tafuta kituo chenye muuzaji anayelima kwake, umjue kwa jina. Na kama una bahati ya kituo kinachowaachia watu kona ya kubadilishana mbegu na kukutana jumamosi, kikumbatie hicho hata kama kiko mbali kidogo, pale makosa ya mboji yanajulikana ndani ya wiki mbili na sio msimu mzima.

Mi siku hizi naenda kote kote, na kila mboji ninayoleta, ya mfuko au ya lundo letu, kabla haijagusa tuta naweka vikopo vinne. Viwili na mboji hiyo niliyoichanganya na mchanganyiko wangu wa zamani nusu kwa nusu, viwili na ule wa zamani peke yake, maharage matatu kila kikopo, dirishani. Nasubiri wiki tatu, mpaka jani la tatu la kweli lifunguke. Likifunguka bapa kwenye vyote vinne, naita wenzangu tuje kubeba. Sasa hivi ninavyo vikopo vinne hapo, siku ya kumi na sita, viwili vya kushoto majani yamekaa bapa kama ya kulia, nasubiri hizo tano zilizobaki.